Lifti ya Mtakatifu Malaki

Mossie Tallon alipandishwa ghorofa ya nne mwezi wa tatu, ameketi kwenye kiti cha hospitali, vijana wawili wa gari la wagonjwa wakimbeba ngazi kwa ngazi huku wakihema. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa kwa sababu ya kisukari. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa tangu wakati wa baridi.

"Msijali, vijana," aliwaambia walipomweka kwenye kochi lake. "Kushuka nitashuka kwa mguu wangu."

Walicheka kwa adabu wakaenda zao. Kazi yao ni kushusha mgonjwa mahututi. Mzee anayetaka kwenda kunywa bia moja na wenzake hawamshushi. Basi Mossie akakaa juu. Akawa anautazama mji wa Portcarrow kupitia dirisha la jikoni, paa za nyumba na mvua, na kila baada ya siku chache anauliza kama lifti imepona.

Concepta, mkewe, alimwahidi kwamba atashuka kabla ya Krismasi. Aliahidi mbele ya jirani yao Attracta wa ghorofa ya pili, tena bila wasiwasi wowote, kwa sababu Concepta alikuwa na Lorcan.

Lorcan Heffernan alikuwa mbunge wao, na baba yake alikuwa mbunge wao kabla yake. Mama yake Concepta alipofariki, Lorcan alisimama foleni kwenye mvua kama mtu yeyote, akamshika Concepta mkono kwa mikono yake miwili, akamtaja marehemu kwa jina. Portcarrow, mbunge anaweza kusinzia bungeni miaka mitano na asiulizwe, lakini akikosa mazishi amekwisha. Lorcan hakuwahi kukosa. Nyumba nzima ya kina Tallon ilimpigia kura na isingempigia mwingine.

Kila Jumamosi Lorcan alikaa chumba cha nyuma cha baa ya Gormley kusikiliza shida za watu. Concepta alikwenda huko mara nyingi mwaka ule. Ombi lake lilikuwa jepesi: baraza la mji litengeneze lifti, au liwape nyumba ya chini. Baraza lilisema fedha ziko wizarani. Wizara ilisema fedha zilishatumwa barazani. Alipigwa danadana mpaka akachoka, na kila mara Lorcan alimwambia, "Niachie mimi, Concepta."

Attracta hakuwa na subira hiyo. "Twende redioni," alisema. "Yule mtangazaji wa asubuhi akimkamata mtu wa baraza hamwachii hadi atoke jasho. Twende jengo zima."

"Ukimwaibisha mtu redioni halafu ukamwombe msaada? Lorcan analishughulikia."

"Analishughulikia kwa mdomo, shoga yangu."

"Attracta, nyamaza. Huyu mtu namjua."

Na kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mgonjwa, na ndiye aliyejuana na mkubwa, jengo zima lilimsikiliza. Hapo alikosea, na hakuna haja ya kumfichia. Watu walikuwa tayari kupiga kelele, yeye akawanyamazisha.

Mwezi wa kumi Lorcan akamletea habari: atauliza swali bungeni, na waziri atajibu kwa mdomo wake. Concepta aliegemeza simu kwenye bakuli la sukari, akamsogezea Mossie chai, wakatazama pamoja. Kwanza wakapita wabunge wengine. Mmoja aliuliza kuhusu mahema na dawa ambazo serikali ilisema imewapelekea watu waliokimbia vita. Akajibiwa kwamba fedha zote zilitolewa kikamilifu.

"Zimetolewa," alisema Mossie. "Hakusema zimefika."

"Hebu sikiliza, Lorcan anasimama."

Lorcan alisimama kwa suti nzuri. Alilitaja jengo la Mtakatifu Malaki. Concepta aliposikia jina la mahali anapoishi likitamkwa pale, moyo ulimjaa. Kisha waziri akainuka, akapindua karatasi, akasema kwamba wizara yake ilitoa fedha za lifti hiyo, kwamba lifti ilikarabatiwa mwezi wa nne, na kwamba inafanya kazi vizuri.

"Namshukuru waziri kwa jibu lake," alisema Lorcan, akaketi.

Mossie aliweka kikombe mezani. Kisha akamgeukia mkewe.

"Conc, hebu toka nje uangalie. Pengine ni nzima, sisi ndio wabovu."

Alikuwa anatania. Lakini Concepta alivaa viatu, akatoka hadi kwenye milango ile ya chuma, akabonyeza, akasubiri. Aliona aibu kuwa amesubiri. Aliporudi ndani alisema tu kwamba chai imepoa, ataweka nyingine.

Balaa lilikuja wiki iliyofuata. Alipiga simu barazani kuulizia nyumba ya chini, na binti wa upande wa pili akamwambia kwamba jina la Mossie limeondolewa kwenye orodha ya wagonjwa wanaosubiri nyumba za chini.

"Limeondolewa kwa nini?"

"Mlipewa nafasi kwa sababu lifti ilikuwa mbovu, mama. Sasa ni nzima."

"Si nzima."

"Kwenye kompyuta hapa inaonyesha ni nzima."

"Binti yangu, wewe unaiona kwenye kompyuta. Mimi naiona kwa macho."

"Sawa mama, lakini siwezi kuandika kinyume cha jibu la waziri. Labda mumwambie mbunge wenu."

Jumamosi alimkuta Lorcan chumba cha nyuma na kikombe cha kahawa. Alimweleza. Lorcan alijikuna shingo.

"Unaniweka pabaya, Concepta. Nikisimama niseme waziri amedanganya, serikali yenyewe ni yetu. Acha bajeti ipite, nitaongea naye pembeni."

"Ulipokuja kuomba kura lifti ilikuwa mbovu hivi hivi, ulipanda ngazi zile kwa miguu. Ulifika kwangu ukaomba maji."

"Nakumbuka," alisema Lorcan, na akacheka. "Nilidhani nafa. Nipe mpaka Krismasi."

Akampa. Attracta alipotaja tena redio, Concepta alimkatalia tena, na safari hii haikuwa kwa kumwamini Lorcan. Alikuwa anaona haya kukiri mbele ya jengo zima kwamba amechezewa.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili kifua kilimbana Mossie wakati wa kifungua kinywa. Alikuwa anavuta pumzi kwa shida, midomo imebadilika rangi. Gari la wagonjwa lilifika upesi. Kilichochelewesha ni ngazi. Machela haikuweza kukata kona, ikabidi warudi chini kuchukua kiti, wapande tena, wamfunge mikanda, waanze kushuka naye mmoja mbele, mmoja nyuma, na Concepta akifuata na chupa ya hewa mikononi. Walipofika ghorofa ya pili Mossie aliacha kupumua. Walimlaza kwenye saruji, mbele ya mlango wa Attracta, wakamkandamiza kifua kwa muda mrefu.

"Kama lifti ingekuwa..." alianza kusema mmoja wao, kijana mwenye nywele nyekundu, kisha akamwona Concepta na hakumalizia.

Walimshusha ngazi zilizobaki akiwa maiti. Kabla ya Krismasi, kama alivyoahidiwa.

Kwao, maiti hulala nyumbani usiku wa mwisho, watu wakaja kumuaga, wakanywa chai, wakamsema vizuri na vibaya. Mwenye duka la majeneza alikuja, akazitazama ngazi, akatikisa kichwa. Jeneza halikati zile kona, alisema, labda lisimamishwe wima, na hilo yeye hamfanyii mtu.

"Basi atalala hapa," alisema Concepta.

Wakaliweka jeneza juu ya vigoda ukumbini chini, kando ya milango ya lifti. Attracta akaleta birika na sandwichi za nyama ya nguruwe. Jioni watu walifurika, foleni ikatoka hadi barabarani, na katika foleni hiyo, bila kuruka zamu ya mtu, alisimama Lorcan Heffernan na koti lake jeusi. Alipofika mbele alitazama jeneza, akajifanyia ishara ya msalaba, akanyoosha mikono miwili.

"Pole sana, Concepta. Mossie alikuwa mtu wa watu."

Hakuna aliyewahi kumnyima mtu mkono kwenye msiba Portcarrow, hata adui wa shamba na mpaka. Concepta alikunja mikono kifuani.

"Asante kwa kuja. Kiti cha wageni wakubwa kiko juu kwangu. Panda."

"Hapa panatosha, kweli."

"Panda lifti, Lorcan. Waziri kasema ni nzima, na wewe ukamshukuru. Bonyeza."

Lorcan alimtazama Attracta, akamtazama padri. Hakuna aliyemsaidia. Alibonyeza.

Watu wakasubiri naye. Kutoka barabarani ilisikika mvua tu. Alisimama ameelekea milango ile, na kila alivyozidi kusimama ndivyo ilivyomwia vigumu kugeuka.

"Siku ya swali lako nilitoka nikabonyeza kule juu," alisema Concepta, kwa sauti ya chini. "Nilikuamini kuliko macho yangu."

"Concepta, nitaliuliza tena. Naapa."

"Ukiliuliza, usimtaje Mossie humo bungeni."

Padri akaanzisha rozari. Watu wakaitikia, na wakati wa maombi hayo Lorcan alipata nafasi ya kupita pembeni hadi mlangoni.

Mwezi wa kwanza mafundi walikuja, wakafungua, wakagonga, na kufikia saa kumi jioni lifti ilikuwa inapanda. Hapakuwa na picha gazetini wala hotuba. Kwa mujibu wa bunge ilikuwa nzima tangu mwezi wa nne, hivyo hakuna aliyeweza kujisifu kwamba ameitengeneza. Attracta alipiga simu barazani kuuliza fedha za kwanza zilikwenda wapi.

"Fedha zipi, mama?" aliulizwa. "Si lifti inafanya kazi?"

Concepta aliendelea kutumia ngazi kwa muda, akikanyaga pembeni kila anapofika ghorofa ya pili. Siku moja alirudi na viazi na magoti yakamkatalia. Aliingia kwenye lifti, akabonyeza nne, akatua mfuko, akaanza kufungua vifungo vya koti. Alikuwa kwenye kifungo cha pili milango ilipofunguka, na mbele yake ulikuwa mlango wa nyumba yake.

Alikuwa amesahau kwamba ni karibu hivyo. Alibaki amesimama humo ndani, mkono kwenye kifungo, mpaka milango ikajifunga tena.