Anwani ya Mzee Merle

Dot, mwenye duka la bunduki na zana za uvuvi, alipopiga simu asubuhi ile, mzee Merle alikuwa mezani, mbele ya kahawa na mayai, keshavaa kofia yake ya kuwindia ya rangi ya chungwa. Msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa kesho yake.

"Bunduki imefika!" alimwambia binti yake Janine, sauti ikimtetemeka kama kijana aliyekubaliwa posa. "Inuka, tunaenda!"

Bunduki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake. Kaka yake, Wendell, ndiye aliyeondoka nayo baada ya mazishi, na Merle aliimezea mate maisha yake yote. Sasa magoti ya Wendell yamegoma, porini haendi tena, akaamua kumpa mdogo wake. Lakini Wendell yuko Maine na Merle yuko Pennsylvania, na bunduki inayovuka jimbo haiachwi mlangoni kama keki. Inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni, naye ndiye anayekukabidhi. Wakafika kwa Dot hata duka halijafunguliwa.

Janine alifurahi kama baba yake, ila kuna jambo lililomsumbua. Nyumba ya mzee kule mjini Erie ilikuwa imeuzwa, naye akahamia kwake, lakini ukimuuliza anakujibu, "Niko kwa muda tu." Sanduku lake la nguo lilisimama kwenye kona ya chumba. Asubuhi anatoa shati, jioni analirudisha. Kila akilipita, Janine alijiona anaagwa.

Dot, mwanamke wa miraba minne mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alifungua boksi. Merle akanyoosha mkono.

"Mikono chini, Merle! Bado si yako. Lete kitambulisho." Akakisoma. "Hapa pameandikwa Erie. Unaishi Erie?"

"Nyumba imeuzwa."

"Sijakuuliza habari za nyumba. Unaishi wapi?"

"Niko kwa Janine, kwa muda..."

"Kwa muda si anwani, mzee wangu. Nataka karatasi ya serikali inayoonyesha unapoishi. Kibali cha kuwinda umekata?"

"Bado."

"Nakukatia hapa hapa, kitatosha. Ila unitajie anwani ya kweli, na kwenye fomu ya bunduki uandike hiyo hiyo, utie sahihi. Ukinidanganya, leseni yangu kwaheri, na wewe jela!"

Janine alikodolea macho ndoano za kuvulia samaki zilizoning'inia ukutani. Hakutaka baba yake aseme anaishi kwake kwa kubanwa tu na tamaa ya bunduki.

"Baba, kama hutaki, tuiache," alisema. "Kesho chukua yangu."

Merle akaitazama bunduki, akamtazama binti yake.

"Barabara ya Tannery," alisema. "Nyumba ya kijani. Kwa binti yangu."

"Umehamia lini?" Dot aliuliza, akiandika.

"Tangu alipoacha kunikirimu kama mgeni akaanza kunigombeza."

Janine akacheka huku machozi yanamtoka. Karatasi zikajazwa, Dot akapiga simu kwa wanaochunguza rekodi za wanunuzi. Merle akawa anazunguka duka zima, anashika buti hizi, anaacha, anashika zile. Dot akakata simu.

"Umepita, kijana!"

Mzee alipiga ukelele hadi mteja mmoja akaangusha chambo. Janine naye akamrukia shingoni, hata kofia ikaanguka.

Nyumbani, walisogeza kabati la chuma la bunduki hadi chumbani kwa mzee. Janine akateremka kupika. Punde akasikia anaitwa.

"Janine! Njoo uondoe hili sanduku! Kabati litakaa hapa konani."

Akapanda mbio. "Niliweke wapi, Baba?"

"Darini. Mimi nalifanyia nini?"

Janine akainama, akakaza mgongo kuinua mzigo. Sanduku likaja juu kwa mkono mmoja. Lilikuwa tupu.