Suti ya Mwigulu

Mimi na vitu vya bure hatujawahi kupatana. Nilimwambia hivyo shemeji yangu Donatus, fundi kompyuta wa Ngokolo, alipokuja Ushirombo kuitoa ile Photoshop yangu ya wizi iliyokuwa imeanza kujizima yenyewe. Akaniwekea Linux badala ya Windows, na juu yake GIMP, programu ya kurekebishia picha.

"Zote bure, shemeji, tena halali. Hata mimi GIMP ninayo kwenye laptop yangu ya Windows, ni ileile."

Ileile! Vifungo vyote vilikuwa vimehama. Wiki mbili nzima nilitukana kila nilipofungua studio yangu ya picha.

Wiki ya tatu akaja Mama Mwigulu. Mwanawe alikuwa amefukiwa na kifusi machimboni upande wa Geita, na mazishi yalikuwa Jumamosi. Picha yake ilikuwa moja tu, ya simu: amesimama kwenye mdomo wa shimo, shati la matope, tochi kichwani.

"Mtoe humo shimoni, Rebeka," akasema. "Mvalishe suti. Watu wamwone alikuwa mtoto wa mtu."

Nikafanya kazi siku nzima. Suti nyeusi, tai nyekundu, nyuma pazia la bluu. Jioni akaja kuiona, nami nikamwonyesha kama ninavyowaonyesha wateja wote: nabofya alama ya jicho, suti na pazia vinafichika, unaona alivyokuwa, nabofya tena, unaona alivyopendeza. Akaomba nirudie, na nirudie. Katikati ya hapo akaanza kulia. Nikamsindikiza hadi barabarani, nikarudi, nikahifadhi kazi, nikafunga studio.

Picha kubwa hatuchapi huku, tunatuma Kahama. Miaka yote nimemtumia Evance, mchapaji wa huko, faili la kazi lenyewe, yeye analifungua kwenye Photoshop yake, anaweka rangi sawa, anachapa. Nikatuma vilevile. Ijumaa mchana akapiga simu.

"Dada, umenitumia kitu gani? Hakifunguki."

Nikampigia Donatus nikiwa nimefura.

"Umehifadhi tu, shemeji. Hilo ni la GIMP peke yake. Wa Kahama mtolee JPEG, picha ya kawaida inayofunguka popote."

"Si ungesema tangu mwanzo, we mwanaume!"

Umeme ulikuwa unakatika na kurudi, na Evance alikuwa anakaribia kufunga. Donatus akanitajia pa kubofya, neno kwa neno, macho yangu yakiwa kwenye ile orodha ya maneno. Picha ilikuwa palepale mbele yangu. Sikuiangalia. Nikatuma, nikashusha pumzi, nikaenda kunywa chai.

Jumamosi asubuhi fremu ilifika kwa basi, imefungwa kwa karatasi ya kaki. Nikaipeleka moja kwa moja msibani. Nilijisikia vizuri, sitaficha. Mama Mwigulu akaifungua mwenyewe mbele ya watu, kando ya jeneza.

Shati la matope. Tochi kichwani. Nyuma yake shimo, kubwa, jeusi, Evance kalichapa vizuri kabisa.

Nilitaka kueleza habari za alama ya jicho niliyosahau kuibofya tena siku ile alipolia, za Donatus, za umeme. Mama Mwigulu akakifuta kioo cha fremu kwa pindo la kanga, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Hakupaza sauti.

"Rebeka," akasema, "nilikuomba umtoe shimoni."