Risasi Nene Katika Magazini Nyeusi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono wa Baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni, ameshika risasi moja kwa vidole viwili, akaunyoosha mkono mbele mpaka kiwiko kikakaza. Alikuwa anajaribu kusoma tarakimu zilizochongwa kwenye kitako cha ganda. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali tena. Kisha akasema mwanga wa Oktoba haufai kitu, akaitia mfukoni.

Hakuna mwingine aliyeona. Mama alikuwa anafunika chupa za nyama ya kulungu, na kaka yangu Asa alikuwa anabishana na Mjomba Orval kuhusu saizi za risasi. Mimi sikuwa nabishana na mtu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alinitoa shule nikiwa darasa la nne, alipoamua kwamba basi la serikali halitapanda tena mlima wetu kuchukua watoto wake, na tangu siku hiyo kazi yangu kubwa mbele ya watu ilikuwa kusikiliza. Asa ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Tukishuka mjini, yeye ndiye aliyemwambia mwenye duka ninachotaka, na wageni wakiniuliza jina, yeye ndiye aliyejibu, "Huyu ni Tirza, anawasikia vizuri tu, msipige kelele."

Ubishi ule wa risasi ulikuwa wa miaka mingi. Baba alikuwa ameshajaza ghala la chini ya ardhi nyuma ya nyumba, akiba ya siku nchi itakapoanguka: ngano, maharage, chumvi, mafuta ya taa, dawa, mbegu, hata kamba za viatu. Majirani wengi katika bonde letu la Idaho walifanya hivyo hivyo, kila mmoja kwa siri ambayo wote waliijua. Risasi ndizo zilizobaki, kwa sababu Baba hakutaka kununua nyingi kabla ya kuchagua saizi. Nyumbani tulikuwa na bunduki za kila namna. Ya babu ilikula risasi ya thelathini-thelathini, ya Mama ilikuwa ile ndogo ya ishirini na mbili ya kupigia sungura, na Asa alikuwa na yake. Baba aliuona huo kuwa wazimu. Alisema siku maduka yatakapofungwa, mtu mwenye bunduki tano zinazokula vyakula vitano tofauti atakufa ameshika rungu la chuma.

Alitaka ile nyembamba, ya mia mbili ishirini na tatu, kwa kuwa polisi na nusu ya nchi wanaitumia, na kitu kilicho katika kila nyumba huwa cha mwisho kuisha. Mjomba Orval, kaka yake Mama, ambaye maisha yake yote alikuwa amewinda dubu na kulungu, hakuweza kuvumilia.

"Shemeji, hiyo ni ya kufukuzia panya," alisema. "Ukikutana na dubu, mwombe asimame kwanza umhesabie risasi."

"Dubu hatapanda mlima huu kutafuta ngano yangu. Watu watapanda."

"Na kulungu je? Utampiga hiyo, halafu umfuate siku mbili ukimwomba radhi."

Mama, bila kugeuka, alisema sungura hawajawahi kungoja mwisho wa dunia, na kwamba ishirini na mbili yake ndiyo iliyotulisha mwaka ule Baba alipovunjika mguu.

Mwishowe Baba alipata jibu lililomfurahisha kuliko nilivyowahi kumwona akifurahi. Kuna risasi nyingine, ya mia tatu, ambayo ganda lake ni lile lile la nyembamba, limekatwa likafupishwa na kuvishwa kichwa kinene. Inaangusha kulungu wa karibu. Inaingia katika magazini zile zile, vile visanduku vya chini ya bunduki vinavyolisha risasi, na bunduki ni ile ile, ukibadilisha mtutu tu. Baba alipiga meza kwa kiganja.

"Magazini za aina moja, familia moja," alisema. "Kama mmoja wetu akianguka, mwingine anachukua zake."

Mjomba Orval aliguna, akasema angalau sasa dubu atahisi kitu. Hakuna aliyeuliza itakuwaje nene ikiingia katika bunduki ya nyembamba, ikakwama mtutuni na kuipasua. Au tuseme Baba aliuliza na kujibu mwenyewe: magazini nyeusi zitakuwa za nyembamba, magazini za rangi ya mchanga zitakuwa za nene, na mtu asiyeweza kutofautisha rangi mbili asiguse bunduki.

Kazi ya kujaza tuliifanya Jumapili, baada ya Baba kutusomea Biblia, kwa maana kanisani tulikuwa hatuendi tena. Maboksi ya karatasi tuliyachoma jikoni ili kuokoa nafasi, risasi tukazimwaga katika masanduku ya chuma. Kila mtu alijaza zake, kisha akazisukuma kwa aliyekaa kushoto kwake, azikague moja baada ya nyingine na kuzirudisha. Mama alikagua zangu, mimi nilikagua za Asa, Asa alikagua za Mama. Za Baba hazikukaguliwa. Si kwamba alikataza. Ilikuwa tu hivyo, kama vile hakuna aliyekalia kiti chake cha dirishani.

Mwezi wa Desemba Asa aliniambia anaondoka. Tulikuwa bandani, ameinama, amebana mguu wa jike letu la farasi katikati ya magoti yake, anachonga kwato. Alisema mzee Lindqvist wa jimbo jirani la Montana, fundi wa viatu vya farasi, amekubali kumfundisha kazi, na kwamba Aprili, barabara zikikauka, atakwenda. Nilimuuliza kama Baba anajua. Alisema atajua mwezi wa Machi, asipate muda mrefu wa kuhubiri.

"Na mimi?"

"Wewe utabaki na Mama. Nani atamwangalia?" Akacheka kidogo. "Usinitazame hivyo, mdogo wangu. Si nitakuwa napiga simu. Utajifunza kuongea."

Nilishika hatamu ya farasi. Nilifikiria jikoni bila yeye. Nilimfikiria mwenye duka akiniinamia, akingoja jibu.

Jumapili ya pili ya Januari theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya madirisha, na jikoni kulikuwa na giza saa sita mchana. Baba alikuwa anajaza magazini nyeusi. Siku hizo alikuwa haangalii tena, alikuwa anapapasa kwa kidole gumba na kusukuma. Masanduku mawili yalikuwa wazi mbele yake. Nikaona mkono wake ukiingia katika la kulia, ukitoka na risasi fupi yenye kichwa kinene, ukaisukuma ndani ya magazini nyeusi. Kisha akarudi sanduku la kushoto, akajaza nyembamba juu yake mpaka ikajaa.

Niliacha kujaza. Nadhani hata mdomo niliufungua, kwa sababu alinigeukia.

"Nini, Tirza?"

"Hakuna kitu, Baba."

Akaitupa ile magazini katika kreti pamoja na nyingine nyeusi.

Nilijiambia nitaitoa baadaye. Alasiri, wengine walipokuwa nje wanaondoa theluji mbele ya banda, nilikwenda kwenye kreti. Magazini nyeusi zilikuwa ishirini na mbili, zote zinafanana, na juu ya kila moja ilikuwa nyembamba. Kuipata nene ilibidi nizimwage zote mezani, na yeyote ambaye angeingia angeniuliza kwa nini namwaga kazi ya Baba. Nilimwaga nne. Zilikuwa safi. Nikasikia mabuti mlangoni, nikazijaza upesi, nikaanza kukata vitunguu.

Baada ya hapo palikuwa na Jumapili tatu. Jumamosi vilevile, na Jumatatu, na siku zote za katikati, ambazo ningeweza kumwambia Mama kwenye sinki, au Asa bandani. Asa asingenicheka. Angesema, "Mzee amekuwa kipofu, twende tukaangalie," na tungemaliza kwa robo saa. Kila siku nilipanga maneno, na kila siku nilipoyafikisha kooni yalikuwa ni maneno ya mtoto anayesema baba yake haoni. Isitoshe, katika zile wiki Asa alikuwa na furaha ya mtu aliyeshaondoka. Alipiga mluzi. Alianza kunipa vitu vyake.

Zoezi letu la kupiga shabaha la Februari lilikuwa Jumamosi, asubuhi yenye jua, kwenye mteremko nyuma ya banda. Baba alitugawia magazini kutoka kwenye kreti, mbili mbili, bila kutazama. Asa alisimama kama alivyofundishwa, mkono wa kulia kwenye kifyatulio, wa kushoto umekumbatia magazini kwa chini. Alipiga risasi sita. Ya saba haikulia kama bunduki. Ililia kama mlango wa jiko la chuma uliopigwa teke kutoka ndani.

Magazini ilipasuka kwenda chini, pamoja na vidole vyake.

Baba hakutetemeka. Hilo lazima niliseme, kwa kuwa ni kweli. Alikuwa amejiandaa. Alifunga mkono kwa kamba, akambeba Asa mpaka jikoni, akafungua sanduku la dawa, akashona kama alivyojifunza kwa kushona miguu ya nguruwe mezani hapo hapo. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vinaning'inia. Aliviunganisha akavifunga kwa vijiti. Akampa vidonge vya kuua vijidudu, vile vya samaki wa kufugwa, ambavyo watu wetu huviweka akiba kwa sababu havihitaji daktari.

Mama alikuwa ameshavaa koti, funguo za pikapu mkononi.

"Siku ikifika hakutakuwa na hospitali," Baba alimwambia. "Tutampeleka wapi siku hiyo? Lazima tujue kama tunaweza."

"Baba Asa, leo siyo siku hiyo," Mama alisema. "Leo ni Jumamosi."

Lakini alisimama tu pale mlangoni, na baada ya muda akavua koti. Alikuwa amevua makoti mengi katika ndoa ile.

Siku ya nne mkono ulianza kunuka. Siku ya tano palikuwa na mstari mwekundu kutoka kiganjani hadi karibu na kwapa, na Asa alikuwa anamwita farasi kana kwamba yuko jikoni. Mjomba Orval alikuja kuazima msumeno. Alimtazama Asa mara moja. Alimfunga kijana katika blanketi, akampakia kwenye gari lake, Mama akapanda naye, wakashuka mlima. Kufika hospitali ni saa moja na nusu barabara ikiwa nzuri. Walimrudisha baada ya siku kumi na mbili. Mkono wa kushoto ulikuwa umebaki na gumba na kidole cha mwisho, na gumba halikunjiki.

Baba aliitisha kikao mezani kutafuta kosa, kwa sababu kosa lisilojulikana hurudi. Aliuliza nani alijaza magazini ile. Asa alijibu yeye mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa, kwamba lazima ilikuwa yake, kwamba tangu Desemba akili yake haikuwa nyumbani. Hapo ndipo alipomwambia habari za Montana. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi ndivyo inavyokuwa," alisema, bila ukali. "Mtu akishaondoka moyoni, mikono yake inabaki peke yake."

Asa akaitikia. Mama akalia. Mimi nilikagua zile za Asa Jumapili zote, na hakuna aliyeniuliza. Nilijua hata moja haikuwa na kosa. Nilitazama mafuta ya taa yakipanda utambi.

Mzee Lindqvist alituma salamu kwamba anasikitika. Kwato inashikwa kwa mkono mmoja na kuchongwa kwa mwingine, hakuna njia nyingine. Aprili ilikuja, barabara zikakauka, Asa akakaa barazani akizitazama. Haniachi tena niende mjini na Mama. Anasema twende sote, na dukani ananisemea kama zamani, ila sasa anaongea polepole, na watu wanautazama mkono wake badala ya kuniangalia mimi.

Jumapili bado tunajaza. Baba ameagiza nyingine nyingi, za saizi zote mbili, na rangi ni zile zile. Wiki moja, kabla ya kuanza, alisukuma sanduku lake mbele yangu akasema, "Jaza na zangu," kisha akatoka kwenda kupasua kuni. Sijui alichokuwa anakijua. Sikuuliza. Nimezijaza tangu wakati huo, na hakuna anayezikagua.

Asa anakaa kulia kwangu. Anabana magazini kati ya magoti, kama alivyokuwa akibana mguu wa farasi, na kusukuma risasi moja moja kwa mkono wa kulia. Mimi nikimaliza zangu namsaidia. Wakati mwingine ananishukuru, ananiambia, "Bila wewe, mdogo wangu, sijui." Na mimi natikisa kichwa tu.

Kwamba nilimwona Baba akiitia ile nene, hilo huenda siku moja ningeweza kumwambia. Lakini kuna lingine. Nilipopiga magoti pale kwenye theluji, nikaona mkono wa Asa ulivyokuwa, kabla sijaogopa, kabla hata sijamwonea huruma, moyo wangu ulisema: sasa haendi. Na nilifurahi.