Mtoto wa Kumi na Moja

Watu walinisifu kwa mwandiko, nami nilipenda kusifiwa, sifichi. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Ikwiriri yalijaa mitumba na sabuni za kila rangi, lakini friji la zahanati yetu bado liliendeshwa kwa mafuta ya taa, na kuyapata ilikuwa bahati. Hata hivyo kitabu changu cha chanjo kilikuwa safi, hakina pahala palipofutwa. Msimamizi kutoka wilayani aliwaonyesha wenzangu. "Mtazameni Salima," alikuwa akisema.

Chanjo ya surua ilikuja katika vichupa vya dozi kumi. Ukishakichanganya kichupa na maji yake, hakilali, kinachobaki unamwaga. Kwa hiyo nilikuwa na mtindo wangu. Kwanza nakusanya kadi zote, naandika tarehe, najaza kitabu, ndipo nafungua kichupa na kuchoma mfululizo. Kazi ilikwenda chapuchapu, nami nikajiona mjanja kuliko manesi wote wa Rufiji.

Siku moja ya mavuno ya mpunga niliandika kadi kumi na moja. Kichupa kilikuwa kimoja, cha mwisho. Wa kumi na moja kwenye foleni alikuwa Amri, mtoto wa miezi tisa. Mama yake, Mwanamkuu, alikuwa mtu wa visiwani huko deltani, amekuja kwetu kumsaidia shangazi yake kuvuna.

"Imekwisha, mwanangu," nikamwambia. "Njoo Jumatano."

"Jumatano tutakuwa tushateremka kwetu, nesi."

"Basi atachomwa hukohuko."

Nikamrudishia kadi yake. Tarehe ilikuwa imeshaandikwa, kwa wino. Kuifuta kungenilazimu nifute na kitabuni, na mwezi ule tulitakiwa tuchanje watoto kumi na mmoja. Kumi na moja kwa kumi na moja ni asilimia mia. Nikajiambia nitampelekea Nurdini, mwuguzi wa kisiwani kwao, barua ya mistari miwili. Sikuiandika. Ripoti ya mwezi ilikwenda wilayani na tarakimu zake tu. Karatasi ile haikuwa na nafasi ya jina la mtoto.

Surua iliingia deltani miezi minne baadaye. Tulipokutana wauguzi kule Kibiti, Nurdini alisimama, amekonda, akasema watoto watatu wamefariki kisiwani kwake, na mmoja wao alikuwa na kadi ya chanjo iliyojazwa kwetu.

"Sasa akina mama wananiuliza chanjo ina faida gani," akasema. "Niwajibu nini?"

Mganga mmoja akasema labda friji la kisiwani ni bovu, limeharibu dawa zote. Nurdini akainamisha kichwa, akasema huenda. Kadi ile ya Amri niliijaza mimi, friji lake halikuhusika hata kidogo! Nami nilikuwa viti viwili tu kutoka kwake, nimefumba mdomo. Naona haya hadi leo.

Wiki mbili nilikaa na siri yangu. Mwisho nikashuka Nyamisati, nikapanda mtumbwi hadi kisiwani. Nilianza kwa Nurdini, nikamweleza yote. 

"Ungeniandikia mstari mmoja tu, dada," akasema. "Nenda kamwambie mwenyewe."

Mwanamkuu alikuwa akitwanga. Aliuweka mchi chini, akanitandikia mkeka, akaniamkia kwa heshima ambayo sikuistahili. Nikamwambia kwamba Amri sikumchoma, kwamba kadi ilisema uongo, na kwamba uongo ule ni wangu. Nilitaka anifukuze.

"Nilijua hukumchoma," akasema. "Si nilikuwa nimempakata mwenyewe?"

Akaketi kwenye mkeka kando yangu.

"Surua ilipoingia, dawa ya bwana Nurdini ilikuwa kidogo. Akasema wenye kadi zilizojazwa wakae pembeni, wachomwe wasio nazo. Nikamwambia wangu bado. Akafungua kadi, akanionyesha tarehe. Wenzangu wakanicheka, eti mama gani hajui mwanawe kachomwa lini."

Alifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Mie sijui kusoma, nesi. Nikakaa pembeni na mwanangu. Nikasema labda mimi ndiye niliyesahau."