Utupa Usiotiwa na Mtu

Kelele za furaha zilianzia kwenye dimbwi la chini, pale kijito kinapojikunja kabla ya kukatiza njia ya Ludara.

"Samaki wamelewa! Leteni matenga, samaki wamelewa!"

Kufumba na kufumbua wanawake walikuwa wametupa majembe na kujifunga vitenge viunoni. Eyotaru akashuka nao. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu Arua na kurejea nyumbani majuzi tu, na watu hawakuchoka kumtania kwa namna alivyozungumza, polepole na kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtoto amelala karibu.

Kila kiangazi, maji yakipungua, wanawake wa hapo hutwanga majani ya utupa wakayamimina dimbwini. Samaki hulewa, huibuka wakitweta, na wanawake huwazoa. Anayewala hadhuriki. Kazi hiyo ina adabu yake: aliyetia utupa hajitaji wala haulizwi, maana samaki ni wa kila mwenye tenga, na anayejitaja huonekana anataka fungu kubwa. Kwa hiyo asubuhi hiyo pia hakuna aliyeuliza.

"Huyu wa leo ametwanga kwa hasira," alisema Mama Ocokoru, mke wa mjomba wake Eyotaru, maji yakimfika magotini. "Labda mumewe hakurudi jana!"

Wote wakaangua kicheko. Bushira, mchuuzi wa samaki kutoka Koboko mjini, alikuwa ameshafika na beseni lake. "Wallahi, samaki iko mingi namna hii! Mimi nabeba yote. Leo Koboko inakula mpaka inalala kwa sahani."

Eyotaru aliinama akamshika kambare mmoja. Hakutweta. Alikuwa amekakamaa kama kijiti, macho yametanda ukungu. Juu ya mawe kaa walikuwa wamelala chali, na vyura nao, matumbo meupe juu. Tangu utotoni Eyotaru alikuwa akiona utupa ukitiwa, na kaa siku zote walijiondokea zao pembeni, wazima, kama wageni wasiohusika na ugomvi wa wenye nyumba. Akanusa kiganja chake. Harufu ile aliijua. Ilikuwa harufu ya shati la kaka yake.

Akapanda kufuata kijito bila kumuaga mtu. Kule juu, ukingoni mwa shamba la tumbaku, alimkuta kaka yake, Acidri, amelizamisha bomba la kupulizia dawa majini, akilisuuza huku akipiga mluzi. Maji yaliyompita miguuni yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele.

"Kaka, unaoshea hapa?"

"Nioshee wapi? Ndani ya mtungi wa mama?" Akacheka. "Dawa iliyobaki niliimwaga jana, sasa nasuuza tu. Mbona umepauka hivyo?"

"Wanawake wako chini wanazoa samaki. Wanadhani ni utupa."

Acidri alilitazama bomba lake kana kwamba amewekewa na mtu mwingine.

"Wameshakula?"

"Bado."

"Basi wazuie. Lakini usinitaje. Waambie umesoma chuoni kwamba samaki wa kiangazi wana minyoo. Watakuamini, wewe ni mwalimu."

"Kaka..."

"Sisi hapa ni watoto wa dada, Eyotaru. Mama alirudi kwao na wewe mgongoni, mjomba akatumegea kipande hiki kwa huruma yake. Wakisema nitoke, nitakwenda wapi? Kwa baba ambaye akinikuta njiani hanijui? Na mama naye tumpeleke wapi?"

Tumbaku ile ile ndiyo iliyomsomesha Eyotaru. Akageuka, akakimbia.

Aliwakuta wameshagawana. Beseni la Bushira lilikuwa limefunikwa kwa majani ya mgomba, tayari kutwikwa.

"Mama, samaki hawa wasiliwe," alisema. Hakuna aliyesikia. Akarudia.

"Mwalimu anasemaje?" mwanamke mmoja akauliza. "Ama sauti ameiacha Arua?"

"Wana... wana minyoo."

"Minyoo!" Bushira akajipiga paja. "Mwanangu, minyoo ya samaki mimi nakula tangu zamani. Angalia vile nimenona!"

Wakacheka hadi wengine wakashikilia viuno. Bushira akainama kushika beseni. Eyotaru aliona mikono yake ikifika ukingoni, na hapo neno ambalo hapo dimbwini halisemwi likamtoka:

"Nani ametia utupa?"

Kicheko kikakatika.

"Swali gani hilo?" Mama Ocokoru akamkazia macho. "Ndivyo mnavyofundishwa huko?"

"Nisamehe, Mama. Aliyetia aseme tu. Fungu lake silitaki."

Wakatazamana. Mmoja akatikisa kichwa, kisha mwingine.

"Mimi nilidhani ni wewe."

"Mimi? Utupa wangu hata sijauchuma."

Swali likazunguka dimbwi zima na halikupata mwenyewe. Bushira akaliachia beseni, akapangusa mikono kwenye nguo yake, tena na tena.

"Kama si utupa, ni nini?" Mama Ocokoru aliuliza taratibu.

"Ni dawa ya tumbaku."

"Ya nani?"

Kule juu shamba la tumbaku lilikuwa moja tu. Wote walilijua, na wote walikuwa wakimngoja yeye.

"Ya kaka yangu," alisema Eyotaru, na safari hii hakuna aliyemwambia apaze sauti.

Mama Ocokoru alilipindua tenga lake mchangani. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Mwanamke aliyemtania alikuwa analia; tenga lake ndilo lililokuwa limejaa zaidi.

"Mjomba wako akirudi, mimi ndiye nitakayemwambia," Mama Ocokoru alisema. Eyotaru hakujua kama ilikuwa huruma au tishio.

Bushira alikuwa akitazama kijito kilivyoendelea kushuka kati ya matete. "Na watu ya chini? Hii maji hapana kusimama hapa."

Hakuna aliyejitolea. Eyotaru akaanza kushuka peke yake. Kabla hajafika mbali alisikia vishindo nyuma. Acidri akampita bila kumtazama, akatangulia. Walikwenda hivyo, mmoja nyuma ya mwingine, wakipita samaki wadogo walionasa kwenye mizizi.

Kwenye kivuko cha kwanza walikuta wanawake wageni wakifua, na watoto wakirukaruka majini. Eyotaru alifungua kinywa. Acidri akainua mkono kumzuia.

"Mimi ni Acidri," alisema, "mtoto wa dada wa pale juu. Nimetia sumu kwenye maji."

Mwanamke mmoja alisimama ghafla, akamshika mtoto wa karibu na kumvuta nchi kavu, kisha akaingia tena majini kuwafuata wengine.