Somo la Sufuria Tatu

Jumatatu ile Virginia alipopelekwa hospitali kule Upper Hill, Nairobi, asirudi, sufuria zake tatu zilibaki juu ya meza ya sebuleni, zimepangwa kwa ukubwa. Alikuwa amezitumia siku iliyotangulia kufundishia. Kwenye ubao ulioegemezwa ukutani mwandiko wake ulisema: big, bigger, biggest. Haron, mumewe, alishinda juma zima akila mkate mkavu ili asizisogeze.

Nyumba yao, nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, ilikuwa ikijaa kila Jumapili alasiri. Waliokuja walikuwa wanawake wanaofanya kazi za nyumbani huko Muthangari, wenye kutaka Kiingereza cha kujibia simu za mwajiri na, Mungu akijalia, cha kuombea kazi nzuri zaidi. Virginia, mwalimu mstaafu, hakuwatoza chochote. Sharti lake lilikuwa moja: katika somo la kulinganisha, mtu asilinganishwe na mtu.

"Hawa wanalinganishwa Jumatatu hadi Jumamosi," alimwambia Haron. "Mwajiri husema: msichana wa kwanza alikuwa mwepesi kukushinda, yule wa jirani anapika vizuri kuliko wewe. Hapa kwangu walinganishe sufuria."

Baada ya mazishi, Haron aliwaita waje wachukue madaftari yao. Yeye hakuwa mwalimu. Alikuwa ametunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi hadi akastaafu, na Kiingereza chake kilikuwa cha misumari na mabati. Aliona heri kuwaaga mapema kuliko kuwangoja wapungue mmoja mmoja. Ila Jumapili zenyewe zilimtisha, na nyumba isiyo na sauti.

Walikuja wote, wakaketi mahali pao pa siku zote. Haron akawapa chai, kisha madaftari. Hakuna aliyeinuka.

"Sasa Baba Shiru," Peres, mmoja wao, akamwanza Haron kwa jina la mtoto wake, "hili somo si lilikatikia njiani?"

"Mwalimu hayuko, Peres."

"Ubao uko. Sufuria ziko. Na wewe uko."

"Mimi sijui kufunza."

"Na ulikuwa unachungulia nini pale mlango wa jikoni kila Jumapili? Tulikuwa tunakuona!"

Wakacheka kidogo, kwa adabu ya watu waliotoka matangani. Haron akachukua chaki. Hakufuta kitu. Aliandika chini ya mwandiko wa mkewe, akainua sufuria ndogo.

"This one is smaller than that one," akasoma. "Nani ana mfano mwingine?"

Ndunge, ambaye kwa kawaida husubiri wenzake wamalize, alikitazama kikombe chake kwa muda.

"Teacher's tea," akasema polepole, "was sweeter than Baba Shiru's tea."

Peres akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Wee! Na sharti ya Mwalimu?"

"Chai ni mtu?" Ndunge akajitetea. "Mimi nimelinganisha chai."

Haron akainywa ile chai yake, safari hii akiionja kweli. Ilikuwa maji ya moto yaliyopitiwa na majani kwa mbali. Kicheko kikamtoka ghafla, kikubwa, hata mabega yakatikisika, na wale wanawake wakamwangalia kwanza kabla ya kumfuata.

"Iko sawa kabisa," akasema akijipangusa macho. "Andikeni hiyo."

Naye akaiandika ubaoni, jina lake likiwa upande wa kushindwa, wala hakuona uchungu. Hawakuwa wamemtaka awe Virginia. Walitaka tu Jumapili yao.

"Lakini pole, Baba Shiru," Peres akasema, "your cups are bigger."

Jioni walipoondoka, madaftari waliyaacha mezani. Haron akaichukua sufuria kubwa, akaiosha, akateleka viazi.

Siku hizi darasa huanza saa nane kila Jumapili. Haron ndiye anayefundisha, na chai hupikwa na Ndunge.