Udongo wa Nne

Ambrose hakumruhusu mtu yeyote katika karakana ile ya Riyadh ataje aina ya kigae kabla hajakimega pembe. Unachukua koleo, unabana ncha ndogo, unaivunja, kisha unalitazama jeraha lile jipya kwa kioo cha kukuzia. Uso wa nje umepitia mengi, alikuwa akisema: moto, jua, chumvi, mikono ya watu, karne nyingi za kulala ardhini. Ndani ndimo udongo ulimobaki kama mfinyanzi alivyoukanda. Selipher alifika pale na stashahada yake ya Nairobi na kiburi cha mtu aliyesoma, akadhani mzee huyu wa Kakamega anapenda tu kusikia koleo likilia. Haukupita muda, hakuweza tena kushika kikombe cha chai bila kujiuliza ndani yake mna mchanga gani.

Vigae vilitoka kwenye kituo cha kale cha pwani, kaskazini mwa Jeddah. Hapo ndipo mitungi ya enzi za Warumi iliposhushwa ikiwa na mvinyo na mafuta, ikavunjika, ikaachwa. Hakuna hata mmoja uliobaki mzima, kwa hiyo kazi yao ilikuwa kupanga vipande kwa udongo wake, na hasa kwa mchanga uliochanganywa ndani. Udongo wa kwanza ulikuwa na rangi ya siagi, na mchanga wake ulikuwa wa duara, mweupe kama sukari. Wa pili ulikuwa mwekundu, wenye chembe nyeusi za mawe ya volkano. Wa tatu ulikuwa wa kahawia, laini, karibu hauna mchanga kabisa, umejaa vijichembe vinavyometa kama dagaa wa omena walioanikwa juani. Huo ulitoka bonde la Nili.

Wa nne aliutambua Ambrose peke yake, mwaka aliohamia ghala la Jeddah ili awe karibu na mkewe. Ulikuwa wa kahawia kama wa tatu, ila mchanga ulikuwa mwingi hata ukakwaruza kidole. Ambrose aliandika kwamba wafinyanzi wa Nili hawakuwa na desturi ya kutia mchanga namna hiyo, basi mitungi hii ilifinyangwa papa hapa pwani. Daktari Fahad, bosi wao, alifurahi kama aliyepata mtoto. Siku zote pwani ile ilisemwa kuwa mahali pa kupokea vya wengine. Sasa ilikuwa na tanuri lake.

Kisha Ambrose akaanguka ghalani, katikati ya makreti, akafia hospitalini. Mwili ulisafirishwa kwao. Daktari Fahad akaamua kwamba udongo wa nne uitwe Udongo wa Ambrose, katika ripoti na katika maonyesho yatakayofunguliwa Jeddah. Picha ya kibao chenye jina hilo alitumiwa mjane, Magdaline, naye akaituma nyumbani. Binti yao Lorine aliipeleka shuleni, na mwalimu mkuu akaisoma mbele ya wanafunzi wote.

Sura ya vigae katika ripoti ilibaki mikononi mwa Selipher. Kabla ya kitu kwenda kwenye maonyesho, lazima kilowekwe katika maji baridi, maji yamwagwe, kilowekwe tena, mpaka chumvi yote itoke. Kigae cha baharini kikiachwa na chumvi yake, siku moja kitajipasua chenyewe kabatini. Akaviloweka vigae vya udongo wa nne kama vilivyotoka Jeddah, vilivyooshwa matope tu, akabadilisha maji kila asubuhi. Alipovitoa na kuvikausha, alipitisha kidole gumba juu ya cha kwanza, akasimama.

Kilikuwa laini.

Akashika cha pili, cha tatu, akamaliza sinia lote. Mchanga ulikuwa umeondoka na maji. Alichukua koleo akamega pembe, akatazama kwa kioo: udongo wa kahawia, laini, unaometa. Ulikuwa wa Nili, ule ule wa tatu. Kilichokwaruza kidole hakikuwa mchanga bali chumvi iliyoganda ndani ya vitundu vya udongo na kuchomoza nje. Lililomkata maini zaidi ni kwamba pembe zote alizomega zilikuwa nzima kabla yake. Katika masinia yale hapakuwa na alama hata moja ya koleo la Ambrose.

Alikaa kwenye kigoda, koleo likiwa bado mkononi. Akakumbuka zile simu za mwaka wa mwisho, Ambrose akimtumia picha za vigae na kumwambia, "Haya, niambie unaona nini." Naye alikuwa akieleza kwa madaha kama mwanafunzi anayetahiniwa. Akakumbuka ziara ya mwisho Jeddah, mzee akigeuzageuza kigae kwa kidole gumba huku uso ameuelekeza dirishani. Haukuwa mtihani. Mtu yule alikuwa haoni, na vipimo vya afya vya kupata ikama mpya, kibali cha kuishi na kufanya kazi nchini, vilikuwa vinamngoja.

Alipompelekea Daktari Fahad matokeo, bosi alivunja mwenyewe kigae kimoja, akakitazama. Aliuliza kama haiwezekani kungoja hadi maonyesho yafunguliwe. Selipher akasema ripoti ikishatoka, watu watachimba pwani nzima wakitafuta tanuri ambalo halikuwepo. Bosi hakubisha. Aliuliza Mwalimu Ambrose alikosea vipi, naye Selipher akajibu chumvi, basi; la macho hakulitaja. Mwishowe Daktari Fahad akakubali, kwa sharti moja. Kibao kitaondolewa, lakini Selipher aende Jeddah kwa miguu yake, akamwombe mjane msamaha. Alisema hivyo ndivyo watu wanavyofanya. Selipher akaituma sura iliyosahihishwa, akapanda ndege.

Elly, dereva wa ghala, alimpokea uwanjani na kumzungusha mjini kwa maneno yake ya Kakamega na Eastlands ya Nairobi yaliyochanganyika na Kiarabu.

"Madam Vigae," alimwita. "Kwetu chungu kikivunjika, mama analia, halas, yameisha, tunatupa. Nyinyi mnakipandisha ndege."

Selipher hakucheka. Elly akamtazama kwenye kioo, akapunguza sauti, akauliza kama ni kweli wanaling'oa jina la mzee. Alipojibiwa ndiyo, akaendesha moja kwa moja mpaka mtaa wa Ghulail, akasimama mbele ya duka la mikate lililokuwa chini ya chumba cha Magdaline.

Magdaline alikuwa muuguzi katika kliniki moja ya Al-Rawdah. Siku hiyo alikuwa na mapumziko, na bado alikuwa amevaa kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Alimkaribisha Selipher kama mtu wa nyumbani, akamnawisha mikono, akamwekea ugali na sukuma wiki, akataka habari za Riyadh na za baridi ya huko. Selipher alijua kwamba akila kwanza hatasema tena. Akaomba aseme kabla ya kumega tonge.

Akaeleza yote: maji, chumvi, udongo uliogeuka laini, sura ambayo tayari ameituma. Magdaline alisikiliza huku akifunika ugali kwa sahani ili usipoe. Kutoka dukani chini ilipanda harufu ya mkate na sauti za wateja wakibishana kwa Kihausa.

"Kwa hiyo watasema mume wangu alikuwa mzembe," alisema.

"Nimeandika kwamba chumvi ilidanganya. Sikuandika zaidi."

"Chumvi haimdanganyi mtu anayeona, Seli. Wenzako watajua hivyo."

Selipher akainua macho. "Wewe ulijua, Mama Lorine?"

"Mimi ni muuguzi. Sukari ilimla macho nikitazama." Aliongea polepole, kama anayesoma dawa za mgonjwa. "Nilikuwa nampangia soksi, namsomea simu. Nikamwambia turudi nyumbani. Akasema kidole chake kinaona, na Seli yuko Riyadh, yeye atakuwa macho. Alikutegemea wewe."

Selipher alimwambia kwamba neno la macho liko mikononi mwake yeye mjane. Akitaka, ripoti itasema Ambrose alikuwa anapoteza uwezo wa kuona, na hakuna atakayemwita mzembe. Magdaline alikataa hata kabla ya sentensi kuisha. Mtu aliyewaficha madaktari, bosi na wenzake, alisema, ataitwa mwongo, na mzembe ni afadhali kuliko mwongo. Kisha akageuka kidogo, akajipangusa uso kwa upindo wa kanga, akarudi akiwa ametulia kuliko mwanzo.

"Mwili nilimpelekea mamake. Nguo zake nimegawa. Hapa duniani kilikuwa kimebaki hicho kibao," alisema. "Lorine ataingia darasani Jumatatu aseme nini?"

Selipher alisema tu kwamba katika sura ile, mahali panapoelezwa jinsi ya kutofautisha udongo wa kichanga na usio wa kichanga, ameandika kwamba njia ya kumega pembe ilifundishwa katika karakana yao na Ambrose, na kwamba ni kwa njia hiyo kosa lilionekana.

"Kwa maneno mengine, umemchinja kwa kisu chake."

"Ndiyo," Selipher alisema.

Magdaline akafunua ugali, akautazama, akaufunika tena. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mzima anayempa mdogo mlango wa kutokea.

"Bosi wenu alinipigia. Akasema unakuja kuniomba msamaha. Mdogo wangu, mimi sina nguvu za kugombana. Niombe, nikusamehe, tule, yaishe."

Neno lenyewe lilikuwa jepesi, na Selipher alilijua kwa namna zote za kulisema, ya adabu, ya machozi, ya kupiga magoti. Angelisema na angekula. Lakini aliuona mkono wa Ambrose umeshika koleo, enzi za macho mazima, ukimzuia kila mtu asitaje jina kabla hajavunja, na akaona kwamba kuomba radhi kwa jambo lile ni kusema mzee alimfundisha uovu.

"Naomboleza na wewe, Mama Lorine," alisema. "Nitalia na wewe hapa mpaka jioni ukitaka. Lorine nitampigia mwenyewe, aniulize anachotaka na anitukane anavyotaka. Lakini msamaha siombi. Sikumkosea Mwalimu, wala sikukukosea wewe. Siombi leo, na hata bosi akinirudisha hapa kesho, sitaomba."